Kinanda cha Haarlem: alichokipiga Mozart na tunachokisikia leo

Wageni wa kanisa la St. Bavo mjini Haarlem, Uholanzi, huambiana kwamba wanasikia sauti ileile aliyoipiga mtunzi wa muziki Mozart mwaka 1766, akiwa na miaka 10. Si hivyo hasa. Kinanda ni kilekile alichokijenga fundi Christian Müller kati ya 1735 na 1738: mabomba zaidi ya 5,000 yanayolia kwa kupulizwa upepo, na kabati lililonakshiwa dhahabu linalokaribia dari. Lakini kuanzia 1959 hadi 1961 mafundi wa Marcussen, kampuni ya kutengeneza vinanda kutoka Denmark, walikikarabati, wakapunguza nguvu ya upepo na kuweka baadhi ya safu mpya za mabomba. Upepo ukipungua, bomba lilelile hulia kwa upole zaidi. Kuna waliowasifu. Wengine walinung'unika, na mimi (samahani kwa mafundi) niko nao.