Mwenye hisa ana lawama gani?

Katika kazi yangu ya utawala wa makampuni naulizwa sana: kampuni ikifanya uovu, mwenye hisa ana lawama gani? Kisheria, karibu hana. Hasara yake inaishia kwenye fedha aliyonunulia hisa. Wadai wa kampuni hawagusi nyumba yake. Lakini kura kwenye mkutano mkuu wa kampuni anayo, na mimi namdai hapo.

Chukua Rio Tinto, kampuni kubwa ya kuchimba madini. Mei 2020 walilipua mapango ya Juukan, magharibi mwa Australia, ili wapate mawe ya chuma. Binadamu alianza kukaa humo miaka 46,000 iliyopita. Watafiti walikuwa wamekuta humo mkanda uliosukwa kwa nywele za watu, wa miaka 4,000 hivi, na vinasaba vyake vikaonyesha undugu na wenyeji wa leo, Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Na kibali cha serikali kampuni ilikuwa nacho tangu 2013! Ndiyo maana napenda kuitolea mfano: karatasi zilikuwa sawa.

Bodi ikajichunguza yenyewe, na Agosti ikatangaza adhabu: vigogo watatu wakatwe bonasi, basi. Mifuko ya pensheni ya huko, HESTA na AustralianSuper ikiwemo, ikasema hadharani kwamba haitoshi. Hazikupita wiki tatu ikatangazwa kuwa mkurugenzi mtendaji, Jean-Sébastien Jacques, na wenzake wawili wanaondoka. Hakuna kura iliyopigwa. Bodi ilijua tu zingehesabiwaje. Mwaka uliofuata mwenyekiti naye akatangaza kung'atuka, na zaidi ya asilimia 60 ya kura zikaikataa ripoti ya malipo ya vigogo, kwa kuwa Jacques, pamoja na kukatwa kote huko, alilipwa zaidi mwaka 2020 kuliko 2019. Kura hiyo ni ya ushauri tu. Fedha hazikurudi, wala mapango.

Wenye hisa waliamka mlipuko ukishatokea. Swali la "wenyeji wanasemaje?" lilipaswa kuulizwa mkutano mkuu wa miaka ya nyuma, bei ya chuma ikiwa nzuri na kila mtu akitazama gawio.

Kwetu Tanzania, mfuko kama PSSSF, wa pensheni za watumishi wa umma, una hisa nyingi benki ya CRDB, na fedha ni za mwalimu na nesi wanaokatwa mchango kila mwezi. Hao ndio wenye haki ya kuuuliza mfuko wao: mkutano mkuu uliopita mlipigia kura nini, na kwa nini?