Mafunzo ya hoteli yaanzie chumbani, si ubaoni

Mwenye hoteli analalamika hapati wafanyakazi. Mhitimu wa chuo naye analalamika hapati kazi. Wote wawili wanasema kweli, na sisi tunaofundisha fani hii tumesimama katikati yao.

Chukua kazi ya kuandaa chumba mgeni akishaondoka. Kwenye mtihani wa kuandika, wanafunzi wengi huzitaja hatua zote bila kukosea. Mwingize chumbani umtazame: anaanza kupiga deki, kisha anapanguza juu ya kabati, na vumbi lote linaangukia sakafu aliyokwisha kuimaliza. Aliyezoea hubisha hodi, hufungua madirisha, huondoa mashuka machafu, halafu humimina dawa chooni kabla hajagusa kitanda, ili dawa ifanye kazi yake wakati yeye anatandika. Vumbi hulifuta kutoka juu kushuka chini. Sakafu huwa ya mwisho, naye huisafisha akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Hakuna siri hapo, ila mpangilio huo huingia mikononi baada ya vyumba vingi, chini ya jicho la mtu anayekagua kila kimoja na kukurudisha ulipokosea.

Jikoni ni vilevile. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi na cha moto kisubiri mgeni kikiwa juu ya 60, kwa kuwa kati ya hapo bakteria huzaliana haraka. Namba hizo mwanafunzi atazikariri kwa dakika moja. Kuchomeka kipimajoto katikati ya pande nene la nyama, kuona halijafika nyuzi 70, na kuthubutu kumwambia mpishi mkuu kwamba haliwezi kutoka, hilo ni somo jingine kabisa.

Ndiyo maana naupa uanagenzi uzito kuliko kuongeza masomo kwenye mtaala. Ujerumani, ambako mafunzo ya ufundi yana sheria yake tangu 1969, anayesomea kazi za hoteli kwa kawaida hutumia miaka 3, na muda mwingi zaidi yuko kazini kuliko darasani, kwa mkataba na kwa malipo.

Tunachokiita mafunzo kwa vitendo mara nyingi ni kitu kingine. Mwanafunzi anafika, anapelekwa kuosha vyombo, na miezi mitatu baadaye bado anaosha vyombo. Daftari lake lina saini kila ukurasa, zote zimetiwa siku ya mwisho kwa kalamu ileile. Pendekezo Namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2023, linataka mwanagenzi awe na mkataba wa maandishi, alipwe, na asimamiwe na mtu mwenye sifa. Kwa maoni yangu, mwajiri asiyeweza kumtenga hata mfanyakazi mmoja mzoefu wa kuwaelekeza wanafunzi, chuo kisimpelekee. Nafasi ni chache, najua. Lakini miezi ya masufuria matupu haimpi mtu fani.

Na sisi wakufunzi tujitazame. Wapo wenzangu waliompokea mgeni mara ya mwisho enzi za daftari kubwa la mapokezi, na leo wanamfundisha kijana atakayepokea nafasi zilizowekwa usiku wa manane kupitia intaneti. Kila mkufunzi arudi hotelini kwa wiki kadhaa kila baada ya miaka michache, avae sare, akabidhiwe zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga jengo jipya.

Kuna sehemu ya uhaba huu ambayo chuo hakiwezi kuitibu. Mhudumu hodari anayepangiwa zamu ya asubuhi, akarudishwa nyumbani mchana, kisha akaitwa tena jioni, kwa mshahara usiobadilika, ataondoka hata tungemfundisha namna gani. Mwajiri akitujia kuuliza mbona wahitimu wetu hawadumu, jambo la kwanza tunalomwomba ni atuonyeshe ratiba ya zamu zake.