Seng'enge ipi kwa mbuzi, ipi kwa ng'ombe wa maziwa

Mimi ni fundi wa uzio huku Tanga. Wafugaji wakinipigia simu, swali la kwanza ni bei ya rola. La kwangu ni moja: unafuga nini?

Tuanze na mbuzi, maana ndiye anayewatesa watu. Seng'enge ya miiba ya mistari mitano humzuia ng'ombe wa kienyeji, lakini mbuzi anaipita. Anaingiza kichwa, mabega yanatanua mistari, mwili unafuata, miiba inaishia kwenye manyoya. Mwenye shamba anaongeza mistari hadi minane na mbuzi bado yuko kwenye mahindi ya jirani. Hiyo fedha ingenunua wavu tangu mwanzo: wavu wa waya uliofungwa kwa mafundo, matundu madogo chini, kimo cha mita 1.2 hivi, na mstari mmoja wa miiba juu ili ng'ombe wasiuegemee. Pima upana wa tundu kabla ya kulipa. Sentimita 15 ni mtego kwa mbuzi mwenye pembe: kichwa kinapita kufuata majani, pembe zinagoma kurudi, na mbwa wakimkuta hapo usiku humkuti mzima asubuhi. Chukua wa sentimita 10.

Ng'ombe wa maziwa ni habari nyingine. Miiba iwe mbali naye kabisa. Chuchu ikichanika, ugonjwa wa kiwele umeshapata mlango. Mpe waya laini wa chuma kigumu, unene wa milimita 2.5, mistari minne au mitano iliyovutwa vizuri.

Sasa unene, ambako wengi huumizwa dukani. Namba ya geji ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 12.5 ni takriban milimita 2.5, geji 16 ni kama 1.6. Kwa kilo zilezile, rola la waya mwembamba ni refu zaidi, kwa hiyo linaonekana la bei nafuu. Lakini kutu huanzia nje kwenda ndani, na waya mwembamba hauna akiba ya kuliwa. Omba kipande, kisokote kwa koleo kukizunguka chenyewe, ukikaze. Zinki, ile ngozi ya kuzuia kutu iliyopakwa juu ya waya, ikibanduka kama magamba ya samaki, liache rola hapohapo. Kwa walioko Pangani na Mkinga, karibu na chumvi ya bahari, nasisitiza zaidi: tafuta zinki nzito, ya gramu 200 na zaidi kwa mita ya mraba, hata kama itabidi ujenge nusu ya shamba mwaka huu.

Chenilinki, ule wavu wa waya uliosukwa matundu ya almasi, naipendekeza kwa zizi la usiku, si kwa kuzungushia malisho. Ni ghali, na mbuzi akiipanda kwa miguu ya mbele inalegea. Kwa zizi imethibitika: kule Simanjiro wafugaji wa Kimaasai wanaifunga kwenye miti hai ya jamii ya mbambara, iliyopandwa kama nguzo, kuzuia simba na fisi. Ukijaribu hivyo, usigongomee waya kwenye gome moja kwa moja. Mti unaponenepa huumeza.

Uzio wa umeme unafaa kwa anayefyeka kila mara. Majani yakigusa waya, nguvu inapotea.

Waya mzuri kwenye kona dhaifu ni bure. Watu wa Muheza wanapata nguzo za mitiki michanga inayopunguzwa mashambani, lakini angalia kichwa cha nguzo: kama sehemu kubwa ni ule mti mweupe wa nje, mchwa watauanza mapema. Kwenye kona simamisha nguzo mbili nene, kati yake juu laza boriti, kisha kaza waya wa mshazari. Waya huo utoke chini ya nguzo ya kona uende juu ya nguzo ya pili. Ukifungwa kinyume chake hausaidii chochote, na kona nyingi zilizolala nimezikuta zimefungwa hivyo.

Misumari ya U iingie kwa kuinama kidogo, miguu yake isikae kwenye mshipa mmoja wa mti, la sivyo nguzo inapasuka. Na kwenye nguzo za katikati usiigongee ikabana waya. Acha nafasi waya uteleze, ili ng'ombe akiusukuma, mvuto ugawanyike kwenye mstari mzima hadi kona, na siku ukilegea uweze kuukaza upya ukiwa upande mmoja tu.