Upana wa barabara haumtembezi mtu

Wengi Mwanza huamini kwamba kitovu kipya cha mji, tuseme kule Buswelu, kikipewa barabara pana basi kimepangwa vizuri. Kwa gari, sawa. Kwa mwenda kwa miguu mara nyingi ni kinyume. Njia ikiwa pana na nyoofu, dereva hukanyaga mafuta bila hata kujua, na mama mwenye beseni la sato kichwani ana mita nyingi zaidi za kuvuka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mwendo wa kilomita 30 kwa saa penye watembeaji wengi. Makoroboi, eneo la maduka katikati ya mji, pamebanana, kelele na jasho tupu, lakini unapita maduka kumi hujachoka. Kinachotembeza watu ni kivuli, milango ya maduka iliyo karibu na njia, na mtaro wenye mfuniko.