Barabara kuu si barabara pana

Mtaa ukimwagiwa lami tu, utamsikia mtu akitangaza kwamba sasa wana "barabara kuu". Hawana. Kwa Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007, barabara kuu ni ile inayounganisha makao makuu ya mikoa, au inayotoka huko kwenda mji mkubwa au bandari muhimu ya nchi jirani. Basi. Lami haimo, upana haumo, wala taa.

Chukua Iringa–Dodoma kupitia Mtera. Ni kipande cha ile njia ya ndoto za wakoloni, ya Cape Town hadi Cairo, na bado abiria walikula vumbi lake miaka nenda miaka rudi. Lami ilizinduliwa mwaka 2018. Ukuu ilikuwa nao siku zote.

Barabara kuu iitwayo T1 ndiyo inayonyoosha zaidi jambo hili: Dar es Salaam, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma mpakani mwa Zambia. Ukiwa Kimara, Dar, ni barabara ya Morogoro, ukiwa Morogoro ni ya Iringa, wazee wa malori wanasema Tanzam, yaani Tanzania–Zambia. Njia ni ile ile. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikakosa mafuta yaliyopita huko kusini. Malori yakaanza kusomba mapipa kutoka bandari ya Dar na kurudi na shaba, juu ya udongo, masika ukiwa tope tupu, na mlima mkali wa Kitonga ukisubiri mbele. Lami ilikuja baadaye, kwa sababu barabara ilikwisha kuwa kuu. Watu wanaisoma hadithi hii kinyumenyume.

Kinachochanganya zaidi ni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Inatunza barabara kuu na za mikoa pia, kwa hiyo mtu akiona kibao chake anadhani kila kitu ni kuu. Barabara ya mkoa kazi yake ni kuunganisha makao makuu ya wilaya na makao makuu ya mkoa, au na barabara kuu. Za wilaya, na vichochoro vyetu vyenye mashimo, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; malalamiko yapelekwe huko.

Kwa hiyo mkiwekewa lami, furahini, na mseme mna barabara ya lami. Kuipandisha hadhi ni kazi ya waziri mwenye dhamana, si ya greda.