Siki haizimi kostiki

Wiki hii tena: mwanafunzi mpya kaja kujifunza sabuni ya mche na ndoo, glavu na chupa ya siki. "Ya nini?" "Kostiki ikinirukia, mwalimu." Nimechoka na hiyo chupa.

Hoja yao ni kwamba kostiki, ile soda kali tunayotengenezea sabuni, ni alkali, siki ni asidi, basi zikikutana zitauana. Kuuana zinauana, ila kwa kutoa joto, na hapo unalitoa juu ya ngozi ambayo tayari inaungua. Halafu kiasi utapimaje? Siki ikizidi, umemwagia kidonda asidi. Ikipungua, kostiki inaendelea kula. Na yote hayo baada ya kuhangaika na kizibo kwa mikono inayoteleza, ilhali kostiki haisubiri: inageuza mafuta ya mwili wako kuwa sabuni, kazi ileile tuliyoinunulia, huku ikizidi kuzama. Dawa ni maji yanayotiririka, mengi, dakika 20 au zaidi, na nguo zilizolowa uzivue maji yakiendelea kumwagika. Kama ni chembe kavu, zipanguse kwanza. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo kisha nenda hospitali, hata ukiona vizuri. Mimi sifungui pakiti kabla sijaona bomba likitoa maji. Siku ya mgao, darasa hakuna.

Eti maji ya moto ndiyo yanaiyeyusha vizuri? Kostiki inajichemshia yenyewe. Kilo 1 ikiyeyuka hutoa takriban kilojuli 1,100, zinazotosha kuchemsha lita 3 za maji ya bomba. Ukianza na ya moto, unayaomba yafoke. Tanguliza maji baridi, kostiki uitie kidogokidogo ukikoroga. Ukigeuza, ukayamwaga maji juu ya lundo la kostiki, yanachemka palepale na kukurukia usoni.

Sufuria ya alumini? Hapana. Inaliwa, inatoa haidrojeni, na gesi hiyo inawaka. Ndoo ya plastiki ngumu inatosha.

Wengine husema ikishapoa, ukali umekwisha. Joto lile ni la kuyeyuka tu. Maji ya kostiki ya jana, baridi, meupe pee kama ya kunywa, yanaunguza koo la mtoto vilevile. Nikikukuta umeyatia kwenye chupa ya maji ya dukani, nakurudishia ada yako uende.