Dhana potofu kuhusu watoto wa shule ya msingi, misaada na haki

Dhana: mtoto wa shule ya msingi ni mdogo mno kuelewa dhuluma.

Anayesema hivyo hajawahi kugawa maandazi kwa darasa la pili. Mtoto hutambua upendeleo mapema sana. Anachokosa ni maneno ya kuueleza na mtu mzima wa kumsikiliza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inamtambulia mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa.

Dhana: kusaidia ni kutoa fedha, kwa hiyo mtoto wa familia isiyo na uwezo hubaki kupokea tu.

Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa akina mama wanaouza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na hali za nyumbani kwao hupanda na kushuka kama bei ya dagaa wenyewe. Hata hivyo, mwaka mmoja darasa langu la tano liliamua kumnunulia kofia pana mwenzao mwenye ualbino, kwa kuwa jua la huku ziwani huunguza ngozi isiyo na kinga na baadaye huweza kuleta saratani. Sarafu ziliwekwa kwenye kopo la maziwa, zikahesabiwa kila Ijumaa mbele ya wote, na jumla ikaandikwa ubaoni. Asiyekuwa na sarafu alihesabu au alitunza daftari. Hakuna aliyelazimishwa, na wazazi walijulishwa mapema, maana tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 mzazi akisikia neno "mchango" hushtuka, na ana haki ya kushtuka.

Siku ya kukabidhi kofia, msichana mmoja alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Kofia tumempa, lakini kwa nini anakaa nyuma na ubaoni haoni?" Nilikuwa nimewapanga kwa urefu, na kijana yule alikuwa mrefu. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu; nililijua hilo, nikalisahau kila asubuhi kwa muhula mzima. Tulikuwa tumechanga kwa wiki sita, ilhali kumhamishia dawati la mbele hakukuhitaji hata senti moja.

Dhana: kumfundisha mtoto kupinga dhuluma ni kumfundisha utovu wa adabu.

Msichana yule aliomba radhi, akaomba ruhusa, kisha akanikosoa mbele ya darasa zima; sioni adabu iliyopungua hapo. Hofu ya wazazi naielewa, lakini tukumbuke kwamba mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda hii ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, yalilishwa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na imani ya namna hiyo huishi kwa sababu wakubwa huitamka na wadogo hukatazwa kuihoji.

Dhana: mtoto jasiri humkabili mwovu mwenyewe.

Hapana, na hapa mwalimu asimung'unye maneno. Mwanafunzi akijua kwamba kwa jirani kuna dada wa kazi wa miaka 12, umri ambao sheria ya ajira ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri, na kwamba anapigwa, wajibu wake ni kumweleza mtu mzima anayemwamini au kupiga namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni ya bure. Yanayofuata ni kazi ya wakubwa.

Dhana: msaada usiopigwa picha haujatolewa.

Darasa lilitaka picha ya kofia ikiwa kichwani. Mwenye kofia alikataa, nami nikairudisha simu mfukoni.